Nyongeza ya Bure na Nyongeza ya Kulipia: Istilahi za Mauzo ya Nyumba Mpya

Nyumba ya kununua, iliyojengwa na mwingine kwa ajili ya soko, imekuwa bidhaa ya kawaida katika miji yetu mikubwa. Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo liliundwa mwaka 1962 na kwa miaka mingi lilijulikana zaidi kwa nyumba za kupangisha, siku hizi hujenga pia nyumba za kuuza, na makampuni ya watu binafsi yamo katika kazi hiyo hiyo. Sheria mbili zilizopitishwa mwaka 2008, moja ya umiliki wa sehemu za majengo na nyingine ya mikopo ya nyumba, zilisaidia kufungua mlango huo. Pamoja na nyumba zimekuja karatasi: vipeperushi, orodha za bei, fomu za kuchagulia, na mikataba. Aghalabu karatasi hizo huandikwa kwanza kwa Kiingereza na kutafsiriwa baadaye kwa haraka, na katika haraka hiyo imepenya istilahi moja ambayo, kwa maoni yetu, yafaa ikataliwe.

Istilahi hiyo ni nyongeza za hiari.

Mtindo wa biashara yenyewe si mgumu kuuelewa. Mjenzi hutangaza bei ya nyumba, kisha huweka kando orodha ya vitu ambavyo mnunuzi aweza kuviomba kwa malipo mengine: vigae vya daraja la juu, makabati ya jikoni, viyoyozi, tangi la maji, grili za madirisha, soketi zaidi ya zile zilizochorwa katika ramani. Kipeperushi kilicho mbele yetu, pamoja na mkataba wake, kimevikusanya vyote hivi chini ya kichwa kimoja cha nyongeza za hiari. Jina la kampuni halina haja hapa, kwa kuwa kosa hili si lake peke yake.

Mtafsiri alilipata wapi neno nyongeza? Bila shaka alilipata katika kamusi, nasi hatuwezi kumlaumu kwa kufungua kamusi. Lakini kabla ya kuliandika katika karatasi ya biashara ilimpasa aulize neno hilo lina maana gani mahali biashara inapofanyika. Mnunuzi wa nyanya, akishakubaliana na muuzaji bei ya fungu, husema, "Niongeze basi," na muuzaji huweka moja au mbili juu ya fungu. Hiyo ndiyo nyongeza. Haihesabiwi katika bei, na muuzaji asiyeitoa hupoteza mteja. Tukitoka sokoni tukaingia ofisini tutamkuta mtumishi anayesubiri nyongeza ya mshahara, naye pia hatarajii kuilipia. Atatokea mtu wa kutujibu kwamba Bunge huidhinisha bajeti ya nyongeza, na fedha zake hutoka kwa wananchi. Ni kweli, ila hata hapo wizara inayosemwa kuwa imepata nyongeza ndiyo inayopokea. Katika matumizi yote haya, mwenye kupata nyongeza hanyooshi mkono ila kwa kupokea.

Basi mwananchi anayesoma kwamba nyumba ina nyongeza kumi na mbili za hiari ana kila sababu ya kuamini kwamba ataongezewa vitu kumi na viwili, na hiari yake ni kusema apendavyo. Bei za vitu hivyo zimeandikwa katika ukurasa mwingine, kwa herufi ndogo. Mkataba nao umezidisha utata, kwa sababu mtafsiri amelitumia neno hilo hilo kwa maana ya karatasi inayofungwa mwishoni mwa mkataba, hata ikawa kwamba nyongeza zimeorodheshwa katika nyongeza. Kiambatisho ni neno lililokwisha kukubalika maofisini, na waandishi wa sheria wana jedwali lao. Hapana haja ya kuuelemeza mzigo wote huu juu ya neno moja.

Lakini kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo ya kwanza. Vitu vilivyokusanywa katika orodha ile si vya aina moja. Tangi la maji ni kitu ambacho hakikuwapo na sasa kinawekwa. Kigae bora ni kitu kinachochukua nafasi ya kigae kingine ambacho mnunuzi alikwisha kukilipia ndani ya bei ya nyumba. Na vitasa vya milango ya vyumbani, ambavyo kwa mshangao wetu navyo vimo katika orodha, ni vitu ambavyo bila hivyo nyumba haijaisha. Kuyaita mambo haya matatu kwa jina moja ni kumficha mnunuzi tofauti inayogusa mfuko wake.

Tuanze na la katikati, maana ndilo lenye fedha nyingi. Tuseme kigae kilichomo katika bei ni cha shilingi 20,000 kwa mita ya mraba, na kile ambacho mnunuzi anakitamani ni cha shilingi 35,000. Sebule ni mita za mraba 30. Ikiwa tunachozungumza ni kubadilisha, hesabu ni ya tofauti tu: shilingi 15,000 mara 30, yaani 450,000. Ikiwa ni kuongeza, muuzaji aweza kudai shilingi 35,000 mara 30, yaani 1,050,000, na kigae cha kwanza, ambacho hakikupata kubandikwa, kikabaki kimelipiwa. Shilingi 600,000 zimepotea katika chumba kimoja. Hatusemi kwamba kila muuzaji hufanya hivyo. Twasema kwamba neno nyongeza linamruhusu, na kwamba mnunuzi aliyetia sahihi chini ya neno hilo atapata taabu kueleza kwa nini asilipe. Kwa aina hii twapendekeza badilisho, na kila lilipo badilisho iandikwe pia tofauti ya bei. Wako watakaosema badilisho halisikiki sana. Lakini kitenzi chake kinajulikana na kila mtu, na umbo lake ni lile lile la pendekezo na tangazo.

Kwa kile kinachowekwa pasipokuwa na kitu, twapendekeza ziada. Watumishi wa serikali hawahitaji kuelezwa neno hili. Mtu aliyefanya kazi saa za ziada hudai malipo ya saa za ziada, na mhasibu hamwambii kwamba ziada ni zawadi. Neno lenyewe limebeba fikira ya malipo. Aliye na wasiwasi aandike ziada ya kulipia, ingawa baada ya kuzoeleka sehemu ya pili itaweza kuachwa. Tumeletewa pia rai ya kutumia vikorombwezo. Ni neno tamu, nalo lafaa sana kwa taa za rangi na mapambo ya geti. Lakini hakimu akilisoma katika mkataba atacheka kwanza kabla ya kuamua, na tangi la maji katika mtaa ambao maji hutoka mara mbili kwa wiki si korombwezo.

Kuhusu vitasa, soketi na masinki, lugha imekwisha kutufanyia kazi. Kila mtumishi wa halmashauri amewahi kusoma taarifa ya umaliziaji wa maboma, yaani madarasa au zahanati ambazo kuta zimesimama lakini zinangoja paa, lipu, sakafu na milango. Umaliziaji ni umaliziaji, liwe boma la shule au nyumba ya kuuzwa. Kinachohitajiwa ili nyumba ikaliwe kiitwe hivyo, na ikiwa hakimo katika bei isemwe waziwazi kwamba hakimo. Muuzaji ana haki ya kuuza nyumba isiyomalizika. Watu wengi hununua mapagale wakijua wanachokinunua. Asichokuwa na haki nacho ni kuliita pagale nyumba kamili na kuviita vitasa nyongeza.

Hapa yatupasa kugusa neno kawaida. Kipeperushi kinasema nyumba itakabidhiwa ikiwa na vifaa vya kawaida. Kawaida ya nani? Kuna nyumba ambamo kawaida ni sakafu ya saruji, na kuna nyumba ambamo kawaida ni marumaru. Baadhi ya wenzetu hutaka kila dhana ipatiwe nomino moja yenye kiambishi ki-, nao wamejaribu kutunga jina la kifaa ambacho tayari kimo katika bei. Sisi twaona kwamba maneno ya kila siku yanatosha: vilivyomo katika bei. Ni maneno matatu, lakini mnunuzi atayafahamu bila kufungua kamusi, na yanamlazimisha muuzaji aorodheshe.

Jambo lililo karibu na hilo ni nyumba ya mfano. Ni desturi ya wauzaji kuipamba nyumba moja na kuwatembeza wateja ndani yake, na katika nyumba hiyo mara nyingi huwekwa vile vile vitu vilivyo katika orodha ya kulipia. Mgeni huona makabati, viyoyozi na vigae vinavyong'aa, kisha hutazama bei iliyo mlangoni. Mfano, kwa Kiswahili, ni kitu kinachofanana na kingine. Nyumba hii haifanani na ile atakayokabidhiwa. Iitwe nyumba ya maonyesho, na mtu aliyekwenda maonyesho ya Sabasaba anajua kwamba si kila kinachoonyeshwa kimo katika bei ya kiingilio.

Sasa hiari. Neno hili tungependa libaki, lakini libaki na ukamilifu wake. Katika fikihi, ambayo kwa karne nyingi imefundishwa pwani kwa madhehebu ya Shafii, hiari ni mlango mzima wa elimu ya kuuza na kununua. Iko hiari ya kikao, ambayo huisha wauzianao wanapoachana. Iko hiari ya sharti, ambayo kwa Mashafii haizidi siku tatu. Na iko hiari ya kasoro. Katika zote hizo hiari ni haki yenye mwenyewe na yenye mpaka wake. Hiari ya kipeperushi chetu haina mpaka wowote, na hilo si jambo dogo, kwa sababu ujenzi una mipaka yake hata kama mkataba umenyamaza. Mabomba ya nyaya za umeme hupitishwa ukutani kabla ya kupigwa lipu. Anayetaka soketi zaidi baada ya hapo atalipia kukata ukuta, kupiga lipu upya na kupaka rangi upya. Mabomba ya maji taka hutangulia zege ya sakafu. Rangi yaweza kungoja karibu hadi mwisho. Kwa hiyo hapana tarehe moja ya kuchagua; kila kitu kina yake, na yafaa kila mstari wa orodha uwe na safu ya mwisho wa hiari. Mtafsiri hawezi kuiongeza safu hiyo kwa mamlaka yake, lakini aweza kumwandikia aliyemtuma kwamba neno hiari linaidai.

Limebaki suala la bei kukubaliwa au kupunguzwa. Mtafsiri amesema majadiliano, neno ambalo limezoea mikutano ya kimataifa. Sokoni watu hupatana, na bei ya kupunguzika huandikwa hata katika matangazo ya magazetini kuwa ni ya maelewano. Mapatano ndilo neno. Na katika mapatano ya nyumba mpya kuna jambo ambalo mwenye kutafsiri hana budi kulielewa. Muuzaji hapendi kushusha bei iliyotangazwa, kwa sababu jirani atakayenunua kesho ataidai bei hiyo hiyo. Kutoa kitu humwia rahisi zaidi: vifaa amevinunua kwa jumla, mafundi wako pale pale, na tangi au kiyoyozi hakionekani katika bei ya nyumba. Mnunuzi mwerevu kwa hiyo huomba kitu pale aliponyimwa punguzo, na huomba kabla ya kulipa arubuni, maana baadaye hana tena cha kuzuia. Kitu hicho kinachotolewa bila malipo ili mapatano yakamilike kinastahili jina, na jina lake ndilo lile tulilolikuta kwa muuza nyanya. Hicho ndicho nyongeza. Neno lisipotengwa kwa kazi hiyo, kitu kilichotolewa bure na kitu kilichouzwa vitakuwa na jina moja katika mkataba mmoja, na siku ya makabidhiano kila upande utakuwa na ushahidi wa maandishi.

Zamani mgogoro huo ungeamuliwa kwa kurejea nakala ya Kiingereza. Lakini marekebisho ya mwaka 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki katika mahakama za Tanzania, ingawa Kiingereza bado chaweza kutumika katika hali fulani. Mkataba wa Kiswahili utazidi kusomwa kama mkataba wenyewe. Nayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huyahesabu kuwa batili makubaliano ambayo maana yake haina uhakika wala haiwezi kuhakikishwa. Watafsiri wa karatasi hizi wasidhani kwamba wanaandika matangazo.

Kwa kielelezo, ukurasa wa fomu ya kuchagulia waweza kusomeka hivi. Vilivyomo katika bei: sakafu ya vigae vya shilingi 20,000 kwa mita ya mraba, vyumba vyote. Umaliziaji usiomo: vitasa vya milango minne ya ndani. Badilisho: vigae vya sebuleni vya shilingi 35,000, tofauti ya bei, shilingi 15,000 kwa mita ya mraba, mwisho wa hiari, kabla ya kazi ya sakafu kuanza. Ziada: soketi tatu jikoni, kwa bei iliyoandikwa, mwisho wa hiari, kabla ya lipu. Nyongeza ya muuzaji: tangi la maji la lita 2,000 pamoja na kinara chake, bila malipo.