Kusadikika Chini ya Mwembe

Kila Jumamosi sisi walimu wastaafu sita hukutana chuoni, chini ya mwembe, tukisoma kwa zamu Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Nchi hiyo inaelea angani. Wajumbe wake sita walitumwa pande nne, mbinguni na ardhini. Walirudi na maarifa, wakalipwa kifungo.

Miaka yote nilifundisha kwamba kitabu hiki kinawasema wakoloni. Juzi mwanachuo mmoja aliyekuja kusikiliza aliuliza, “Shikamooni walimu. Mbona Waziri Majivuno na wajumbe wale ni wananchi wa nchi moja?” Tukanyamaza.

Nilimkumbuka mwalimu kijana aliyerudi masomoni na mapendekezo ya kupunguza viboko shuleni kwangu. Niliyafungia kabatini.

Dosari ya kitabu, kwa maoni yangu, ni majina. Mtu akiitwa Majivuno, msomaji humchukia mapema na kujiona yu salama. Angepewa jina la kawaida, huenda ningejitambua zamani. Ndiyo maana nasema, msomaji mpenzi, kisome pamoja na wenzako, na vijana wawepo.