Kelele Ilikuwa Maficho

Sisi tunaopenda magitaa ya fujo tuna imani moja isiyokufa: bendi ikishaleta piano studioni, imekwisha. Imezeeka, imeuza roho. Mimi pia niliiamini. Ndiyo maana Plowing Into the Field of Love, albamu ya tatu ya Iceage iliyotoka 2014, niliiacha baada ya nyimbo mbili tu. Miaka ikapita kabla sijairudia. Nilikuwa nimekosea vibaya.

Iceage ni bendi ya Copenhagen, Denmark. Walianza 2008 wakiwa matineja, na New Brigade ya 2011 inasikika hivyo: nyimbo 12 kwa dakika zisizofika 25, magitaa yanakwaruzana, ngoma zinakimbia kama zinafukuzwa, na Elias Bender Rønnenfelt anabweka katikati. Ni hasira, sawa, lakini hasira ya nini? Hushiki kitu, manake maneno yamezikwa. You're Nothing ya 2013 iliendelea hivyo hivyo, isipokuwa kwenye "Morals", ambapo mwendo unapungua na piano inapenya. Wengi tuliupita wimbo huo. Kumbe ndio uliokuwa mlango.

Kwenye albamu ya tatu mlango umefunguliwa wote. Kuna piano, tarumbeta, viola, hata mandolini. "The Lord's Favorite" inatembea kama wimbo wa kantri, na sisi Wakenya, tuliolelewa na Jim Reeves na Kenny Rogers redioni, mwendo huo tunaujua. Lakini skiza anayeimba: anajigamba kuwa kipenzi cha Mungu kwa sauti ya mtu ambaye hajiamini hata kidogo. "Forever" inaanza taratibu, inajikusanya, halafu tarumbeta zinaingia mwishoni na kuubeba wimbo wote. Kwa "Against the Moon" Rønnenfelt anayumba juu ya piano, noti zinamponyoka, na hakuna gitaa la kumfunika.

Hapo ndipo wanaosema bendi ilifugwa wanapokosea. Melodi haikulainisha kitu. Ukipiga kelele, hakuna anayekuuliza unasema nini. Ukiimba polepole, kila neno linabaki uchi, na sauti isiyojua kuimba inajulikana mara moja. Giza la albamu hii si la sauti kubwa. Ni la mtu ambaye mwishowe anasikika.

Hili nalijua kwa njia mbaya. Nilipoacha chuo nilikuwa na hotuba: karo, mfumo, mitihani isiyopima chochote. Nilimpa kila mtu, tena kwa sauti. Mamangu aliisikiliza yote bila kunikatiza, halafu akauliza, "Sasa wewe mwenyewe unataka nini?" Sikuwa na jibu. Ile hotuba yote ilikuwa ya kuzuia swali hilo lisifike.

Si ati albamu haina kasoro. Inakaribia dakika 50, na katikati inaburuta miguu. Rønnenfelt naye ana ugonjwa wa maneno makubwa. Vichwa kama "Cimmerian Shade" na "Simony" vinanuka kamusi. Wakati mwingine unahisi ametupa ngao moja akaokota nyingine, safari hii ya ushairi. Lakini hata hilo nalisamehe. Mtu hajifunzi kusema wazi kwa siku moja.

Kufikia Seek Shelter ya 2021 walikuwa wameingiza hata kwaya ya injili kutoka Lisbon, na wale wa imani ya piano wakalalamika tena. Waache walalamike, bana. Wewe anza na "Morals", kisha "Forever", usiku, simu ikiwa mbali. Ukimaliza rudi New Brigade. Bado ni tamu, na bado inakimbia. Tofauti ni kwamba sasa utajua ilikuwa ikikimbia nini.