Kikapu cha Iringa: Laini au Kigumu?

Hivi karibuni, kwenye maonyesho fulani mjini Mbeya, nilimwona mtu mwenye beji shingoni akiinua kikapu cha milulu, mimea ya mabondeni ambayo Wahehe wa Iringa huisukia vikapu, mbele ya wageni na kukisifu kwa sababu moja tu: ni kigumu, hakikunjiki. Wageni wakapiga makofi. Hakuna aliyetia mkono ndani. Mimi nilitia. Ugumu ule ulikuwa wa vanishi, na kitako kilikuwa kimeshonewa kipande cha katoni kilichofunikwa kitambaa. Usukaji wenyewe ulikuwa umelegea hadi ncha ya kidole ikapenya kati ya mistari miwili. Juu ya meza ileile kulikuwa na kikapu kingine, chembamba, kimelala ubavu, kimesukwa na mtu anayejua kazi. Kila aliyepita alikishika, akaona kinabonyea, akakirudisha mezani kana kwamba amegundua kasoro.

Nimechoka kuona hilo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, watu wa mjini wamerudi kubeba vikapu, na nafurahi kwamba wamerudi. Lakini wamerudi bila macho. Wananunua kikapu kama wanavyonunua ndoo: wanakigonga, wanakiangalia rangi, wanauliza bei. Wale wanaojiona wajuzi wameshika kanuni moja ya uongo, kwamba kigumu ni bora na laini ni kazi ya haraka. Wengine, hasa wanaonunulia wageni wa nje, wameshika kanuni ya pili iliyo kinyume chake na ya uongo vilevile, kwamba laini ndiyo kazi ya asili na kigumu ni cha kiwandani.

Tuanze na jambo ambalo halina mjadala. Kikapu cha Wahehe kinapata ugumu wake sehemu tatu tu: unene wa mlulu, msokoto wa uzi, na mkazo wa mkono wakati wa kusuka. Ugumu wowote unaotoka kwingine, iwe vanishi, wanga, waya mdomoni au katoni kitakoni, ni wizi. Ulaini nao una chanzo halali kimoja: uzi mwembamba uliosokotwa sana. Ulaini unaotokana na mkono uliolegea si ulaini, ni uvivu. Kwa hiyo swali la laini au kigumu haliwezi kujibiwa kabla hujajua laini kwa sababu gani na kigumu kwa sababu gani, na anayekujibu haraka dukani hajui au hataki ujue.

Bonyeza ubavu kwa dole gumba, katikati kabisa kati ya kitako na mdomo, kisha achia. Kikapu laini kilichosukwa vizuri kitaingia, kitarudi taratibu, na hakitaacha alama. Laini kibovu kitaingia na kubaki kimebonyea. Kigumu cha kweli kitakataa, na kitakataa kimyakimya. Kigumu cha uongo kitalia. Utasikia mlio mkavu, mdogo, wa kitu kinachovunjika, na ukikung'uta kikapu juu ya kitambaa cheusi utaona unga mweupe. Nilimwona mchuuzi mmoja pale Ipogoro, mabasi yanaposimama chini ya mlima kabla ya kupanda mjini Iringa, akitumbukiza vikapu vilivyolegea kwenye uji mwembamba wa muhogo, akivijaza magazeti na kuvianika. Jioni vilisimama wima kuliko vya mtu yeyote. Ndiyo maana sikubali kukagua kikapu kilichojazwa kitu. Toa magazeti kwanza. Muuzaji akikataa, ondoka.

Lakini dole gumba ni mwanzo tu, na mtu akijifunza hilo peke yake bado atadanganywa. Kinachotenganisha kikapu na kikapu ni viungo.

Mlulu si mrefu. Uzi unaotokana nao unaisha upesi, na msusi analazimika kuunga uzi mpya kwenye uzi wa zamani tena na tena, kutoka kitako hadi mdomo. Kikapu cha wastani kina viungo vingi sana, na mnunuzi hataona hata kimoja kwa sababu anatazama nje. Huko nje ndiko kila mtu hupendezesha. Geuza kikapu kielekee kwenye mwanga, tia mkono ndani, na utumie mgongo wa mkono, si kiganja. Kiganja cha mtu mzima ni kigumu, hasa cha mtu aliyeshika jembe. Ngozi ya mgongo wa mkono haidanganyi. Zungusha pole pole. Kwenye kazi nzuri hutahisi kitu. Kwenye kazi mbaya utachomwa.

Kinachokuchoma ni mkia wa uzi. Msusi mzuri uzi unapokaribia kwisha huupunguza unene kwa ukucha, huupunguza na ule mpya mwanzoni mwake, kisha hulaza mmoja juu ya mwingine na kuzisokota pamoja kwa hatua kadhaa, hata unene wa nyuzi mbili unakuwa unene wa uzi mmoja. Mkia unazama ndani ya msokoto na hautoki tena. Mzigo ukivuta, unajikaza zaidi. Msusi wa haraka anachomeka uzi mpya kando ya wa zamani, anasuka hatua mbili mbele, halafu anakata mikia yote miwili kwa wembe. Kikapu chake kinapendeza siku ya kwanza. Baada ya miezi ya kubeba viazi, viungo vile vinaanza kuteleza kimoja kimoja, mistari inafunguka, na mwenye kikapu anasema milulu siku hizi haifai. Hapo mlulu hauna kosa.

Sasa tazama viungo viko wapi. Kwa msusi mvivu, viungo vinapangana kimoja juu ya kingine, kwa sababu anaunga kila anapofika upande ulioelekea gotini kwake. Ukikiinua kikapu juani utauona mstari wima, mnene kidogo, kutoka chini hadi juu. Hapo ndipo kitapasuka. Kwa msusi anayejiheshimu, viungo vimetawanyika na huwezi kutabiri kinachofuata kitakuwa wapi. Na kwenye mizunguko ya mwisho karibu na mdomo kusiwe na kiungo hata kimoja. Msusi apime uzi wake mapema, amalize na uzi mzima. Hilo kwangu halina msamaha, na kikapu chenye kiungo mdomoni sikinunui hata kikiwa kizuri mahali pengine pote.

Kuna bibi mmoja upande wa Kalenga, kule ambako ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ilisimama hadi Wajerumani walipoivunja mwaka 1894, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia nilipomfahamu. Nilimpelekea kikapu cha msusi mwingine nipate maoni yake. "Kamwene, bibi," nikamsalimu, nikakiweka mapajani pake. Hakukigusa kwa nje hata kidogo. Alitia mkono, akazungusha mara moja, akasema, "Aliyemfundisha huyu ni mtu wa kushoto." Alikuwa sahihi, mama wa msusi yule alitumia mkono wa kushoto, na binti aliiga kila kitu pamoja na mwelekeo wa msokoto, ingawa yeye mwenyewe ni wa kulia. Viungo vililala upande usiotarajiwa. Bibi akaongeza kwamba kazi ni nzuri ila binti alikuwa na haraka alipofika nusu, na kweli kuanzia nusu mikia ilikuwa mifupi zaidi. Hayo yote aliyapata bila kuona rangi wala nakshi.

Matapeli wanajua kwamba wachache wetu tunatia mkono ndani, na wamebuni dawa. Wanapitisha moto wa kiberiti au mshumaa ndani ya kikapu, mikia inaungua, mkono hauchomwi tena. Itambue kwa vidoa vyeusi, vidogo, kila penye kiungo. Usichanganye na kikapu cha zamani kilichotundikwa juu ya meko. Moshi wa jikoni unapaka kila mahali kwa usawa na kukipa rangi ya kahawia, na harufu yake ni tamu. Kikapu kilichopitishiwa moto kinanuka karatasi iliyoungua.

Nashangaa kwamba watu wa Mbeya wanadanganyika kwenye kikapu, kwa sababu kwenye chungu hawadanganyiki. Nenda soko la Lyulilo, karibu na Matema, siku ya Jumamosi, uone vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe kupitia Ziwa Nyasa. Hakuna mama wa Kyela anayenunua chungu bila kukiinua, kukigonga kwa kifundo cha kidole na kukisikiliza, kisha kupitisha mkono ndani kutafuta ufa. Haangalii michoro kwanza. Mama huyohuyo akifika soko la Mwanjelwa mjini Mbeya anachagua kikapu kwa rangi.

Nikirudi kwenye swali, chaguo linategemea mzigo. Kwa unga, ulezi na maharage madogo nataka kikapu laini: uzi mwembamba, msokoto mkali, mistari iliyobanana kiasi kwamba ukikiinua dhidi ya jua la saa sita hupati hata tundu moja la mwanga. Kikapu cha aina hii ndicho kinachosumbua zaidi kusuka, na ndicho kinachodharauliwa zaidi, kwa sababu mjini watu wanadhani kubonyea ni udhaifu. Zamani wanawake wa Kihehe walichujia pombe kwa kazi ya namna hii. Jaribu kuchujia pombe kwa kikapu chenye vanishi.

Kwa parachichi, nyanya na viazi, chukua kigumu. Kikapu laini kinashuka ubavu unapokibeba, matunda yanakandamizana, na parachichi la Rungwe likishakandamizwa upande mmoja halina thamani tena. Hapa uzi uwe mnene na mkazo uwe sawa kuanzia kitako hadi mdomo. Sehemu ya hatari ni pale kitako kinapogeuka kuwa ubavu. Wasusi wengi hukaza chini na kuchoka wakipanda, hivyo kikapu kinakuwa na miguu imara na mabega yaliyolegea. Shika mdomo kwa mikono miwili na uuvute pande tofauti, taratibu. Ukiona umbo la yai linabaki, rudisha. Na kama mzigo ni mzito kweli, debe zima la nyanya za Ilula kwa mfano, acha kikapu na tafuta tenga la mianzi. Kila kazi ina chombo chake.

Rangi nitaisema kwa ufupi kwa sababu inazungumzwa kupita kiasi. Lowanisha leso nyeupe, sugua mstari wa rangi. Rangi ya majani na mizizi iliyochemshwa vizuri huacha kivuli hafifu au haiachi kitu; ile ya pakiti ya dukani huchafua leso. Nakshi mbili au tatu zinatosha. Kikapu chenye rangi sita kimesukwa kwa ajili ya picha. Mikono ya ngozi iliyoshonewa pembeni imekuja na wanunuzi wa nje, na siipendi: sindano inakata nyuzi palepale ambapo uzito wote utaning'inia. Vikapu nilivyovikuta utotoni havikuwa na mikono kabisa. Vilikaa kichwani, na midomo yake ilisokotwa mara mbili ili kuhimili vidole vya mtu anayevishusha.

Vilikuwa bora, na sisemi hivyo kwa sababu ya umri wangu. Mlulu wenyewe ulikuwa bora. Unaota kwenye mabonde yenye maji, mabonde yaleyale ambamo watu wanalima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wakati wa kiangazi, na pale jembe linapofika, mlulu unasukumwa ukingoni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru chanzo cha maji ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo hicho, na ikifuatwa, milulu ndiyo itakayofaidika kwanza. Siku hizi wasusi wanakata kilichopo, kichanga, kabla hakijakomaa, na mlulu mchanga husinyaa ukikauka. Kikapu kinachotoka mkononi kikiwa kimekazwa kinalegea chenyewe miezi miwili baadaye, bila kosa la msusi. Ukitaka kujua, vunja kipande kidogo kilichobaki kando ya mdomo kama muuzaji atakuruhusu: mlulu uliokomaa unakunjika kabla ya kukatika, mchanga unakatika mara moja.

Kikapu kilichokunjwa safarini usikitupe wala usikipige pasi. Kinyunyizie maji hadi kilowe sawasawa, kisimamishe kwa mkono kwenye umbo lake, kiache kivulini kikauke. Wanaouza vikapu vya Bolgatanga, vile vya Ghana, hufanya hivyo baada ya kuvisafirisha vikiwa bapa, na vinarudi. Cha Iringa nacho hurudi kama kilisukwa vizuri. Kile chenye katoni kitakoni kitavimba.

Na kama unaweza, usinunue kilichokwisha kusukwa. Soko Kuu la Iringa lina vizuri na vibaya vimelundikwa pamoja, na muda wa kuvikagua vyote huna. Mtafute msusi, mwambie utabeba nini, umwambie kabla hajasokota uzi, kwa sababu akishasokota ulaini na ugumu vimekwisha kuamuliwa. Agiza Mei, mvua zinapokoma. Juni na Julai kuna baridi na jua kavu, mlulu unakauka taratibu bila kupasuka, na msusi aliyeanza kusokota miezi hiyo atakuwa na kikapu chako kabla ya watu kurudi mashambani Novemba.