Mgongo Mkavu Kwenye Baiskeli ya Kulalia

Niliporudi kutoka Tongoni mara ya kwanza, fulana niliikamua juu ya kikombe cha kahawa, hiki chetu kidogo kisicho na mkono, ikakaribia kukijaza. Kisha nikaibandua sponji ya kiti nikaikamua nayo. Vikombe vinne. Safari yenyewe ni kilomita kama 20 kutoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani, na nyingine 20 kurudi, tambarare karibu yote. Miguu haikuwa na neno. Mgongo ndio uliochemka.

Baiskeli hii ni ya kulalia. Unakaa chali kidogo kama mtu aliyeegemea kiti cha ufukweni, pedali ziko mbele yako, na badala ya siti ndogo ya kupanda kuna ganda refu la faibaglasi linalokushika kuanzia makalioni hadi mabegani. Niliinunua kwa msafiri wa Kizungu ambaye goti lilimvimba, safari yake ikaishia hapa. Watoto wa mtaa wetu wa Ngamiani wanaiita kitanda. Si kitu cha jana, ingawa sura yake inashangaza watu: mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure aliendesha mashine ya namna hii, iliyoundwa na Charles Mochet, kilomita 45.055 kwa saa moja jijini Paris, akaipita rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1914. Mwaka uliofuata wakubwa wa mbio za baiskeli wakaamua kwamba hiyo haihesabiwi kuwa baiskeli ya mashindano. Tangu hapo imebaki chombo cha wachache, na fundi wa mitaani akiletewa kiti chake hana pa kuanzia ila makochi.

Kabla ya kumlaumu fundi aliyeniwekea sponji hiyo, tupige hesabu ya joto. Mwili wa mwendesha baiskeli hugeuza kama robo tu ya nguvu unayochoma kuwa mwendo. Robo tatu zilizobaki ni joto. Miguu ikitoa wati 100, ambazo ni mwendo wa mtu asiye na haraka, mwili una wati 300 za joto za kutupa. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi hubeba takriban kilojuli 2,400. Gawanya, utapata karibu nusu lita ya jasho kila saa, na hiyo ni kama lote litakauka. Neno zito hapo ni *kukauka*. Jasho linalodondoka chini halijakupoza. Jasho linalonyonywa na sponji halijakupoza pia. Limehama tu kutoka kwenye ngozi kwenda mahali ambapo litabaki likikupasha kama kitambaa cha moto cha mkandaji. Kwa hiyo vile vikombe vinne nilivyokamua vilikuwa jasho lililotoka bure, na mwili ulilazimika kutoa jingine.

Kwenye baiskeli ya kawaida hili si tatizo, kwa sababu upepo unakuzunguka kiwiliwili kizima. Kwenye hii, ganda linaziba eneo la sentimita 75 kwa 30 hivi. Ngozi ya mtu mzima ni karibu mita za mraba 1.8, kwa hiyo kama sehemu moja kati ya nane ya ngozi yako imefunikwa, tena ile ya mgongoni ambako jasho halina uchache. Hewa ya Tanga mwezi wa pili, nayo, tayari imelowa. Haina nafasi ya kupokea mvuke mwingi, kwa hiyo ule upepo mdogo unaoweza kuupata ni mali.

Sasa fundi. Nilimpelekea fundi makochi, mtu hodari, ambaye kochi lake halipigi kelele hata baada ya miaka mitano. Akalitazama ganda, akabonyeza sponji ya zamani iliyokwisha, akacheka.

"Mwalimu, hii imekufa. Tuongeze inchi tu."

"Weka ngapi, fundi?"

"Tatu. Na leza juu. Utalala."

Nililala kweli, kwa nusu saa. Kasoro ya kwanza ilikuwa ya vipimo. Kwenye baiskeli ya kulalia, umbali kutoka mgongo hadi pedali ndio urefu wa mguu wako. Ukiweka inchi tatu nyuma ya mgongo, umesukumwa mbele inchi tatu na magoti yanakunjika mno. Nikalegeza bomba la mbele, nikasogeza pedali, nikakaza. Baada ya kilomita kumi sponji ikawa imebonyea, mgongo umerudi nyuma, na sasa miguu haifiki vizuri. Kasoro ya pili ni kwamba nguvu ninayokanyagia pedali inajibiwa na kiti. Kiti laini hukumeza kidogo kila unapokanyaga, kama kutembea kwenye mchanga mkavu. Kasoro ya tatu ni leza, na hiyo haihitaji maelezo kwa aliyewahi kukaa na kaptura kwenye kiti cha daladala saa nane mchana.

Juu ya ulaini watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea nikiwa mwalimu wa fizikia, jambo ambalo ni aibu kidogo. Siti ndogo ya baiskeli ya kawaida inahitaji ujanja kwa sababu uzito wote umekaa juu ya mifupa miwili ya makalio. Ganda refu limeshasambaza uzito. Kiegemeo changu kimelala kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi. Kwa mtu wa kilo 75, nikiacha hesabu ya miguu iliyoko kwenye pedali, mgongo unabeba kama kilo 65 na sehemu ya chini ya kiti inabeba kama 37. (Asishtuke anayejumlisha akapata zaidi ya 75, ni kani mbili zinazokutana kwa pembe ya mraba.) Kikiinuliwa hadi nyuzi 45, zinakuwa 53 kwa 53, na hapo makalio huanza kulalamika, kwa kuwa msuli uleule unaosukuma pedali ndio unaokaliwa. Nikiumwa na makalio, basi, dawa ya kwanza ni kulaza kiegemeo, wala haihitaji sponji. Kinachobaki kwa pedi ni kazi ndogo ya kumeza mitikisiko ya barabara, na kazi kubwa ya kupitisha hewa.

Kupima hewa nilitumia chetezo. Mke wangu alinipa kile cha zamani na ubani kidogo, kwa sharti nisichome sebule. Nikawa naweka kila kitu juu ya moshi na kutazama.

Sponji ya godoro ilinishangaza. Mita moja ya ujazo ya ile ya bei nafuu ina kilo 20 hivi, ilhali plastiki yenyewe bila matundu ingekuwa zaidi ya kilo 1,000. Maana yake karibu yote ni hewa. Hata hivyo moshi ulijikunja chini yake ukatokea pembeni. Hewa imo ndani, lakini katika vyumba vidogo ambavyo vingi bado vina utando mlangoni. Sponji ya chujio la hewa la pikipiki, ile nyeusi yenye matundu unayoyaona kwa macho, iliupitisha moshi kama haipo. Siri yake ni ya kiwandani: wanaifungia sponji ya kawaida kwenye chumba, wanajaza hidrojeni na oksijeni, wanawasha. Mwako wa kufumba na kufumbua unayeyusha tando nyembamba na kuacha mifupa. Mkeka wa mazoezi, ambao ni raba ya aina moja na kandambili, haukupitisha kitu, lakini pia haukunyonya hata tone. Nikautoboa kwa bomba lililochomwa moto, matundu 60 kwa mistari, kazi ya jioni nzima, na moshi ukapanda kwenye kila tundu kama chimni. Nilijiona nimemaliza.

Nikaufunga kwenye kiti, nikaenda Tongoni, nikarudi na duara 60 za jasho mgongoni. Alama za matundu zilihesabika.

Kosa lilikuwa kwenye kipimo changu. Chetezo kilikuwa chini, wazi. Chini ya pedi yangu kuna faibaglasi. Tundu lililoishia kwenye ukuta ni kisima, na visima vyangu vilikuwa vimejaa. Kwenye ganda lililozibwa, swali la kama hewa inapenya pedi kutoka chini kwenda juu halina maana. Hewa inatakiwa iingie ubavuni, ipite kati ya mgongo na ganda, itokee mabegani, na ifanye hivyo huku mtu amelalia.

Nikatengeneza kipimo kingine. Pedi juu ya ganda, juu yake kibao cha chapati, juu ya kibao mfuko wa mchele wa kilo 10, chetezo ukingoni upande mmoja na kipepeo cha kusukuma moshi. Nilichotaka kujua ni kama moshi unatokea upande wa pili. Hapa mambo yalibadilika. Sponji ya chujio, iliyong'ara mwanzo, ilibonyea, matundu yakalaliana, moshi ukawa wa kubahatisha. Raba ileile niliyoitoboa, nilipoigeuza na kuikata mifereji mitano kwa urefu kwa kisu cha kukatia leza, ilitoa moshi upande wa pili. Usumba nao ulipita vizuri sana. Nilikuwa nimekata kipande cha mkeka wa usumba wa mlangoni, nikausafisha, na kwa wiki tatu nilidhani ndio jibu, tena jibu la nyumbani. Lakini usumba huchoma kupitia fulana nyepesi, na uzito wa kila siku unaufanya uketi. Unene wa sentimita mbili ukawa moja, na pale makalioni ukawa kama gunia.

Kilichoshinda ni nyavu nene ya kufunikia kiti cha pikipiki, wanayoitandika vijana wa bodaboda ili jua lisiwaunguze makalio. Ikate pembeni uitazame: ni nyavu mbili, ya juu na ya chini, na katikati yake nyuzi ngumu za plastiki zilizosimama wima kwa maelfu, kama miti ya boriti iliyoshika dari. Zikilaliwa zinapinda, hazilali. Zikiachwa zinasimama. Kati ya nguzo hizo hewa inakwenda upande wowote inaotaka, na nyuzi zenyewe hazinywi maji. Waholanzi, walio na baiskeli hizi nyingi, huuza pedi iitwayo Ventisit kwa wazo hilohilo, ya nyuzi nene za plastiki zilizovurugwa kama tambi kavu. Yangu ilitoka kwenye duka la vipuri vya pikipiki.

Tabaka moja halikutosha, matatu yalianza kuyumba. Nimetulia kwenye mawili. Chini yake, makalioni tu, nimebakiza kipande cha ile raba yenye mifereji, kwa ajili ya mashimo ya barabara, na nimekikata pengo la vidole viwili pale kifandugu kinapokaa. Hilo pengo nililichelewesha, nikalijutia. Kiunoni palihitaji mbinuko kidogo, na sikukubali kukata kitu kabla ya kujua ni wapi. Nilikunja khanga nikaipachika chini ya nyavu, nikaendesha hadi Raskazone, hapahapa mjini, na kurudi, nikaisogeza, nikarudia. Siku ya tatu nilisahau kwamba ipo. Nikatia alama ya chaki, nikamrudia fundi.

Alitazama unene akaguna. "Mwalimu, hii ni kama hakuna kitu."

"Shona hivyohivyo, fundi. Na ukingo usiuzibe."

Hilo la ukingo tulibishana. Fundi makochi amefunzwa kuficha ncha, kuzungushia bomba la leza ili kazi iwe na heshima. Ukizungushia leza nyavu ya namna hii umefunga milango yote na kuacha vyumba wazi. Tukakubaliana juu ya ukanda mwembamba ulioshonwa chini tu, na velkro sita za kubandulia, kwa sababu vumbi linaingia humo na lazima ioshwe.

Kasoro zake zipo. Nyavu inakwaruza; fulana za pamba zinatoa vinyweleo mgongoni na moja imeshachakaa pale kwenye mbavu. Mchanga ukiingia unasaga hadi uoshwe. Alfajiri ya mwezi wa saba, upepo ukipita chini ya mgongo uliolowa, unatetemeka kweli.

Iko njia nyingine ambayo ningeichagua kama ningeanza upya: kutupa ganda kabisa na kuweka fremu ya bomba iliyowambwa wavu, kama kitanda chetu cha kamba. Baiskeli nyingi za kulalia za magurudumu matatu zimeundwa hivyo. Mgongo wote uko hewani na hakuna cha kupima kwa ubani. Ila aliyelala kitanda cha kamba anajua kwamba kamba hulegea, katikati hubonyea na mabega husukumwa ndani, na siku ya kukaza ni ya jasho. Fremu nayo ni pana na nzito kuliko ganda. Bado naifikiria.

Safari ya mwisho ya Tongoni nilirudi na fulana iliyolowa kwapani na kifuani, mgongoni ina michirizi miwili ya chumvi iliyokauka. Pedi niliikung'uta mara moja nikaitundika. Ile sponji ya inchi tatu haikupotea: iko bandani, paka wa jirani amezalia humo.