Korongo na Milia Sita

Mwanafunzi wa Uganda akiulizwa maana ya bendera yake hujibu bila kusita: nyeusi ni Waafrika, manjano ni mwanga wa jua, nyekundu ni undugu. Jibu ni sahihi, nasi walimu tumezoea kulitunuku alama zote. Hata hivyo twaona ya kwamba jibu hilo limetufanya wavivu wa kuitazama bendera yenyewe, kwani latuambia rangi hizo zasema nini, lakini halituambii zilitoka wapi.

Zilitoka katika chama. Serikali ya Benedicto Kiwanuka wa Democratic Party, iliyoongoza nchi mwanzoni mwa 1962, ilikuwa imekwisha kupendekeza bendera nyingine: pande tatu za wima, kijani, buluu na kijani, zilizotengwa kwa mistari ya manjano, na korongo wa manjano katikati. Uchaguzi wa Aprili 1962 ukaiangusha serikali hiyo, na bendera yake ikaanguka nayo. Washindi, Uganda People's Congress, walikuwa na bendera yao ya milia mitatu: nyeusi, manjano na nyekundu. Katika sanifu ya Grace Ibingira, Waziri wa Sheria, milia hiyo ilirudiwa mara mbili na korongo akawekwa ndani ya duara jeupe. Ndiyo iliyotwekwa Kololo usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962. Majirani wasicheke: bendera ya Kenya ilizaliwa na ile ya KANU, na ya Tanganyika na ile ya TANU.

Tuitazame sasa kama kazi ya sanaa. Kurudia milia kulikuwa uamuzi wa busara, maana milia mitatu peke yake ingetukumbusha mno rangi za Ubelgiji. Lakini milia sita ya rangi kali huchosha jicho, na pasipo lile duara ingekuwa kitambaa cha dukani tu. Duara ndilo linaloiokoa. Ndani yake korongo amesimama, uso ameuelekeza mlingotini, mguu mmoja ameuinua. Na msanifu alipata bahati kubwa: ndege huyu kwa maumbile yake ana ushungi wa dhahabu, paji jeusi na nyama nyekundu kooni. Rangi ambazo chama kilijitwalia zilikuwa kichwani mwake tangu kale. Kwa hiyo bendera hii yasomeka vizuri zaidi kuanzia katikati, nasi hufundisha kuanzia pembeni.

Korongo naye hakutoka porini moja kwa moja. Waingereza walikuwa wamemweka katika beji ya utawala wao. Lakini hakuwa nembo ya ufalme wowote nchini, na vyama vyote viwili vilimkubali. Hapo hasa ndipo mahasimu walipokutana.

Waswahili husema bendera hufuata upepo. Hii haikufuata. Obote alipinduliwa mwaka 1971, Amin akafukuzwa mwaka 1979, Obote akaangushwa tena mwaka 1985, na mwaka uliofuata wapiganaji wa msituni wakaingia Kampala, hakuna aliyeibadili. Rwanda iliiacha yake mwaka 2001. Wenzetu wengine hudai kwamba kuwaeleza watoto habari za chama ni kuitia bendera doa. Hatukubaliani nao. Mtoto akifichwa jambo hilo leo, kesho atalisikia kwa mpiga siasa, na kwa namna mbaya zaidi.

Kuhusu lugha, twaridhika kwamba Kiswahili kimeipa nyekundu neno linaloifaa. Undugu watokana na ndugu, na ndugu hasa ni wa damu moja.

Linalotusumbua zaidi ni ndege mwenyewe. Vinamasi anamotaga vyageuzwa mashamba, na tangu 2012 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Wanafunzi wetu wengi wa mjini hawajapata kumwona ila juu ya mlingoti.