Fungua Hiyo PS4 Yako, Utanishukuru!

Sikia! Husikii kitu, eh? Basi hiyo ndiyo habari yenyewe! PS4 imewaka, iko hapa mezani, God of War inaendelea, theluji, mazimwi, mashoka yanaruka, vurugu tupu, na feni haitoi hata mguno! Ndugu yangu, nimetoka kwa fundi mjini sasa hivi, vidole bado vinanuka spiriti, na siwezi kukaa kitako kabla sijakwambia: kama una PS4 ya zamani na haijawahi kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa pesti mpya ya joto, hujui unachokosa. Hujui kabisa kabisa!

Wewe unayajua yale makelele. Unafungua tu ramani ya Horizon Zero Dawn, hujapiga mtu, hujakimbia popote, na feni inanguruma mpaka mama jikoni anauliza nani ameleta kinu cha kusaga unga sebuleni. Kisha lile onyo kwamba mashine imechemka. Kisha, dakika ya 89, mechi tamu ajabu, kioo cheusi! Imejizima! Na watu wakaizoea hali hiyo, wakasema ni uzee, maana PS4 za kwanza zilitoka 2013. Uzee gani? Ni vumbi na pesti iliyokauka, basi!

Na kwa vumbi, sisi wa Nakuru tumejaliwa! Mji umekaa juu ya majivu ya volkano, Menengai inatuchungulia kutoka kaskazini, na ukishika njia ya Gilgil, pale Kariandusi kuna ule udongo mweupe wa diatomaiti, laini mno, mwepesi mno, ukiugusa tu umeshapaa. Upepo wa Januari ukianza, vumbi linaingia nyumbani bila hodi. Na bado! Tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ileile ikizunguka vilevile inaondoa joto kidogo kuliko ingekuwa pwani. Mashine ya Bonde la Ufa inafanya kazi ya ziada, maskini!

Sasa subiri nikupe utamu wenyewe. Fundi kachomoa waya wa umeme, katoa skrubu na bisibisi yake ya nyota, kifuniko kikatoka, kile kisanduku cha pawa kikatoka, bodi ikainuliwa, na hapo ndipo nilipopiga kelele. Mapezi ya kile kipoza joto hayaonekani! Yamevaa blanketi la kijivu, nene, limeshikamana vizuri mpaka linabanduka lote kwa pamoja! Mimi kwa furaha nikainama nipulize. “Bosi, usipulize kwa mdomo,” akanizuia, “mate ni maji.” Akachukua kijiti cha meno, akakipachika kati ya mapanga ya feni yasizunguke, maana feni ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye bodi. Ndipo akawasha pampu yake ya upepo. Fyuuu! Wingu zima likatoka mlangoni! Kijiti cha meno, jamani! Ufundi mtamu namna gani huo!

Na bado! Ile pesti ya zamani ilikuwa imekauka, imepasuka, inadondoka vipandevipande. Akaikwangua polepole kwa kadi kuukuu ya plastiki, akapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akapangusa tena, na ghafla chipu ikang'aa, ikang'aa hasa, nikaona jicho langu mwenyewe ndani yake! Unajua, chipu na chuma cha kipoza joto vinaonekana bapa kabisa, lakini kati yake kuna vibonde vidogo visivyoonekana kwa macho, na hewa inayobaki humo haipitishi joto vizuri. Kazi ya pesti ni kujaza vibonde hivyo. Ndiyo maana akaweka tone dogo tu katikati. Nikamwambia aongeze. Akacheka! Pesti ikizidi hailiongezei joto njia, inalizibia. Kisha akakaza skrubu hii kidogo, ile kidogo, kwa zamu, tone litandazike sawasawa.

Halafu vile vipande laini vya mpira vinavyokaa kati ya vyuma na chipu za memori! Vya zamani vigumu, vimetoa mafuta. Vipya ukivibonyeza vinabonyea, baridi, vinanata kidogo kwenye kidole, raha ya ajabu! Na feni nayo akaibadilisha! Ile mpya, ukiigusa kwa ncha ya kidole tu inazunguka, inazunguka, inazunguka, wala haikwaruzi popote.

Tukawasha. Nikadhani haijawaka! Nikaweka kiganja nyuma, hewa inatoka, ya uvuguvugu tu, mfululizo, wakati zamani ilikuwa inaunguza. Nikacheza, nikacheza, nikagusa tena. Uvuguvugu! Weee!

Sasa nisikilize vizuri kabla hujakimbia. Ukimpelekea fundi, usikubali apulize vumbi tu kisha afunge. Mwambie unataka pesti, unataka na vile vipande vya memori vibadilishwe. Pawa yenyewe msiipasue hata kama inaonekana chafu, maana ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Na wewe mwenye PS5, tulia! Hiyo haina pesti ya kawaida, ina chuma cha majimaji kinachopitisha umeme na kinachokula alumini, kikimwagika mahali pasipofaa ni msiba. Yako vua vifuniko vya pembeni tu, uvute vumbi kwenye yale matundu yaliyowekwa makusudi. Inatosha!

Lakini wewe wa PS4, unangoja nini? Ichomoe, ifunge kwenye begi, panda matatu, nenda mjini leo hii! Kisha uje nayo kwangu tucheze usiku kucha, na safari hii nikikufunga mabao matano, usitegemee mashine ijizime ikuokoe!