Nasaba za Karagwe na Hesabu ya Miaka

Kitabu cha Israel K. Katoke juu ya ufalme wa Karagwe, kilichochapwa Nairobi mwaka 1975, chastahili heshima. Mwandishi aliyalinganisha masimulizi ya wazee na maandishi ya wasafiri, na katika anwani yake aliwataja Wanyambo wenyewe, wala si wafalme peke yao. Lakini anwani hiyo hiyo yaanzisha habari karibu na mwaka 1400, na hapo ndipo penye haja ya kuuliza.

Kabla ya karne ya 19 Karagwe haikuwa na maandishi. Mwaka wa kale namna hiyo hupatikana kwa kuhesabu vizazi katika orodha ya Wahinda, tangu Ruhinda hadi Rumanyika, na kuvilinganisha na vya falme jirani. Hesabu hiyo yasimama juu ya neno moja: mwana. Katika Kinyambo, kama katika Kiswahili, mtoto wa ndugu naye ni mwana. Na aliyerithi ngoma si lazima awe amezaliwa na aliyemtangulia. Wafalme kumi wakihesabiwa kuwa vizazi kumi vya miaka 27, jumla ni miaka 270. Wanne wao wakiwa walirithi kutoka kwa ndugu zao, vizazi ni sita na miaka ni 162. Karne nzima na zaidi imetoweka kwa maana ya neno. David Henige alionya juu ya hatari hii mwaka 1974.

Shahidi wa kwanza naye ataka kupimwa. Speke alipofika Bweranyange mwaka 1861, alimwambia Rumanyika kwamba asili ya ukoo wake ni Uhabeshi, naye ni wa uzao wa Mfalme Daudi. Muulizaji aliyekuja na jibu lake hawezi kuwa mwandishi mwaminifu wa nasaba. Tena habari za ugomvi wa urithi baada ya Ndagara, na za ngoma ambayo Rumanyika pekee aliweza kuiinua, Speke alizisikia kwa upande wa mshindi, hali nduguye Rogero yungali hai na ni adui.

Katika Ufini, sheria ya kanisa ya mwaka 1686, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Uswidi, iliwaamuru makasisi kuandika watu wa parokia zao; kwa hiyo mkulima wa huko ana nasaba iliyoandikwa kama mtukufu. Karagwe ngoma ilihifadhi majina ya watawala; majina ya wengine yalibaki katika oruganda, yaani ukoo wenye mwiko wake, na baadaye katika vitabu vya ubatizo vya makanisa.

Tangu mwaka 2012 Kyerwa ni wilaya mbali na Karagwe, lakini koo hazikugawanyika kwa mpaka huo. Kazi iliyosalia ni kuziandika nasaba hizo kwa Kinyambo chenyewe, kila "mwana" akaelezwa: wa kuzaliwa, wa ndugu, au wa kurithi. Bila hivyo, mwaka 1400 wafaa kusomwa kama kisio, usifundishwe kama tarehe.